Mbele ya Gari la Kale: Nini cha Kununua Kwanza, Nini cha Kuacha Dukani

Mtu akikuambia magari ya miaka ya 1960 hayashiki barabara, muulize bushi zake, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari, zina umri gani. Mara nyingi atanyamaza. Amelinganisha gari jipya na gari lenye raba zilizokauka, shokapu zilizomwaga mafuta yote na springi zilizolala, kisha lawama akamtwisha mhandisi aliyelichora. Mimi mwenyewe niliwahi kukaribia kuagiza seti nzima ya mbele kwa sababu gari langu lilikuwa likitangatanga barabarani. Fundi mmoja mtu mzima akalipandisha jeki, akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akaunyanyua mara mbili. Kingpini, pini ambayo gurudumu hugeukia, ilicheza kama jino la mtoto. Seti sikuinunua.

Kwa hiyo ngazi nilizopanga hapa za kutengeneza sehemu ya mbele ya gari la kale, yaani vinavyobeba na kugeuza magurudumu ya mbele, zinaanzia kwenye kisichoharibu kitu na kuishia kwenye kisichorudishika.

1. Kufufua kilichopo

Hapa ndipo karibu kila mtu aanzie, hata asiyejali uasili. Kabla hujajua gari lako lilivyokuwa likienda lilipotoka kiwandani, huna cha kulinganisha na hicho unachotaka kununua. Orodha ya spea si ndefu: bushi za mikono ya juu na ya chini inayoshika gurudumu, boljointi (maungio ya mpira wa chuma) au kingpini, tairodi endi (ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu), beringi za magurudumu, shokapu mbili na springi mbili. Springi na shokapu usinunue upande mmoja.

Kwenye bushi utaulizwa: raba au poliuretani? Poliuretani hudumu na haiogopi oili, lakini ni ngumu, hupitisha mitetemo hadi kwenye usukani, na isipopakwa grisi yake maalumu hulia kama mlango wa ghala. Kwa gari la barabarani mimi huchukua raba nzuri. Wenye MGB, gari lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, wana njia ya katikati: bushi za modeli ya V8, zenye raba ndani ya chuma, huingia kwenye mikono ya chini ya MGB ya kawaida na kudumu kuliko zile za awali. Dawa ilitoka kiwanda kilekile.

Kosa linaloua bushi mpya za raba hufanyika siku ileile ya kuzifunga. Bolti zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mikono ikiwa inaning'inia, raba hubaki imesokotwa kila gari linaposimama chini. Itapasuka mapema, nawe utailaumu spea. Lishushe gari kwenye magurudumu yake, kisha ukaze.

Halafu kuna ulainishaji. Triumph Herald na Spitfire zina tranioni za shaba, vipande vyenye uzi ambamo nguzo ya gurudumu hugeukia kwa chini, na tranioni hizo zinataka oili ya gia, si grisi. Wengi hujaza grisi kwa sababu wameona tundu la kupigia. Uzi wa chuma hukauka, unashika kutu, na siku moja gurudumu linajikunja chini ya gari. Morris Minor (1948–1971) nayo ina sifa mbaya ya kujikunja hivyohivyo ikisahauliwa, ila yenyewe inataka grisi, na mara kwa mara. Kopo la kilainishi sahihi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mwongozo huu.

Mwisho wa ngazi hii ni alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, na hapa uasili mtupu unaweza kukuangusha. Namba za kitabu cha zamani mara nyingi ziliwekwa kwa matairi ya nyuzi mshazari. Ukivaa matairi ya radiali ya leo, gari huenda likafurahia kasta zaidi kidogo, yaani ule mhimili wa kugeuzia gurudumu ulale nyuma zaidi. Usukani utakuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, lakini gari litanyooka likiwa kwenye mwendo. Marekebisho haya hayaachi alama yoyote.

2. Kufufua, kisha kuongeza kidogo

Kama unaliendesha gari kweli na si kulipangusa tu, simama hapa. Shokapu bora, stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) nene kidogo, breki za diski pale kiwanda kilipozitoa kwa modeli nyingine ya gari lilelile. Stabilaiza usiipende kupita kiasi: ukinenepesha ya mbele peke yake, gari litapunguza kulala kwenye kona, lakini pua ndiyo itakayoanza kuteleza kwanza.

Mfano wa nyongeza yenye akili ni Ford Mustang za 1965 na 1966. Klaus Arning, mhandisi wa Ford, ndiye aliyepiga hesabu ya kushusha sehemu ya kufungia mkono wa juu kwa takriban inchi moja, na Shelby GT350 ya 1965 ikatoka na mpangilio huo. Gurudumu hukaa wima zaidi gari linapolala. Kinachohitajika ni kutoboa matundu manne, mikono ikiwa ileile.

Nyongeza isiyonishawishi sana ni shokapu za bomba kwa MGB. Shokapu yake ya asili ndiyo hiyohiyo mkono wa juu, na seti nyingi huiacha mahali pake ikiwa haifanyi kazi ya kutuliza tena, kisha huongeza ya bomba pembeni. Kama ile ya zamani imelegea kwenye ekseli yake, ulegevu bado unao. Ya asili iliyofufuliwa vizuri inatosha.

3. Seti ya kufunga kwa bolti

Mikono ya bomba, springi iliyovishwa juu ya shokapu, pengine na steringi ya raki, yaani inayogeuza magurudumu kwa fimbo yenye meno. Inafaa zaidi pale gari lenyewe lilipoumbwa hivyo, kama Camaro ya 1967 hadi 1969, ambayo fremu yake ya mbele imefungwa kwa bolti na inaweza kushushwa nzima. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji boljointi ni za gari gani. Akikutajia gari la kawaida lililouzwa kwa wingi, vizuri. Akisema ni zake peke yake, siku atakapofunga duka, gari lako nalo limesimama.

Muulize pia kuhusu gurudumu kujigeuza lenyewe linaporuka shimo. Tairodi na mikono vikichora tao tofauti, kila tuta hukunja magurudumu kidogo bila ruhusa ya dereva. Muuzaji aliyepima atakupa namba. Asiyepima atakuonyesha picha za rangi.

4. Kukata na kuchomelea

Krosmemba, boriti ya kukingama inayobeba sehemu ya mbele, ya mtindo wa Mustang II, gari la 1974 hadi 1978, imekuwa kipenzi cha wajenzi wa magari ya kubadilisha kwa sababu ni fupi, ina raki, na huacha nafasi ya injini kubwa. Kwa gari ambalo mbele yake imeliwa na kutu au lilishakatwa na mtu mwingine zamani, ni jibu halali. Kwa gari zima, hapana. Ukichomelea pembe ikapinda, hakuna alaimenti itakayokuokoa, na sheria za ukaguzi na bima zinaweza kuliona kuwa gari jingine. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, hutaka gari lenye angalau miaka 30 liwe limetunzwa katika hali sahihi kihistoria.

Mini imo nje ya ngazi hizi. Raba za Alex Moulton zilizoanza nayo 1959 hukakamaa na kulala, lakini springi za chuma huingia mahali pake bila kukata kitu. Citroën DS, yenye mafuta na gesi badala ya springi, iache kama ilivyo na umtafute fundi anayeijua.

Kukata springi kwa mashine ili gari likae chini zaidi hakumo kwenye orodha kabisa.

Na ukiamua kuvua vya kiwandani, vipake oili, viandike upande wa kulia na wa kushoto, uvifungie kwenye sanduku moja pamoja na bolti zake. Atakayelinunua gari hilo baadaye ataliulizia sanduku kabla hajaomba funguo.