SWMM ya bure: inaijua hesabu ya mtaro, haijui taka

Halmashauri nyingi bado zinapanga ukubwa wa mitaro kwa kanuni moja ya kwenye kikokotoo, kisha mvua za masika zikipiga watu wanaulizana kwa nini mtaro mpya umefurika na wa zamani wa jirani umepitisha. SWMM, programu ya kompyuta inayokokotoa maji ya mvua yanavyopita ardhini na mitaroni, inaweza kujibu swali hilo. Inatolewa bure na EPA, wakala wa mazingira wa Marekani. Ilizaliwa mwaka 1971, ikaandikwa upya mwaka 2004 kuwa toleo la 5, na 5.2 ilitoka mwaka 2022. Kule kwao, marekebisho ya mwaka 1987 ya sheria ya maji safi yaliilazimisha miji kuwa na kibali cha kumwaga maji ya mvua mtoni. Nayo programu hii haiishii kwenye wingi wa maji, inahesabu na uchafu unaobebwa.

Unaipa mvua, vipande vya ardhi, makutano ya mitaro (chemba, kona, mdomo wa kalavati), mitaro yenyewe, na pale maji yanapotokea. Inakurudishia mtiririko na kina kwa kila hatua ya muda. Inatumia Windows, kompyuta ya kawaida ya ofisini inaibeba bila shida, na mafaili yake ni maandishi matupu yanayofunguka hata kwa Notepad. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini linamaanisha kazi ya miaka mitano haifi siku leseni inapokwisha, kwa sababu leseni haipo.

Sasa mitego, na wa kwanza unakungoja kabla hujachora chochote. Ukiifungua, iko kwenye futi za ujazo kwa sekunde. Nenda chini ya dirisha, chagua LPS (lita kwa sekunde) au CMS (mita za ujazo kwa sekunde), na hapo vipimo vyote vinahamia mita, hekta na milimita. Fanya hivyo mwanzo. Ukibadilisha katikati, programu haigeuzi namba ulizokwisha kuingiza: futi 3 zinabaki 3, ila sasa ni mita. Halafu kuna namba inazojijazia yenyewe. Kila mtaro unaochora una urefu wa 400 na ukwaru (namba ya jinsi uso wa mtaro unavyoyapunguza maji mwendo) wa 0.01, kila kipande cha ardhi kina eneo la 5, upana wa 500 na asilimia 25 tu ya ardhi isiyonyonya maji. Kwa Manzese au Tandale za Dar es Salaam, penye bati na sakafu kila upande, asilimia 25 ni mzaha. Hata udongo uliobaki umekanyagwa mpaka unakaribia kuwa saruji. Ukwaru wa 0.01 nao ni wa bomba la plastiki jipya. Zege la kawaida lipe 0.013 hadi 0.015, mtaro wa udongo wenye majani 0.03 kwenda juu. Ukiona ripoti ya mshauri ina mitaro mingi yenye urefu wa 400 sawasawa, irudishe bila kusoma zaidi.

Upana wa kipande ndio unaowachanganya watu kuliko vyote. Si upana wa kiwanja kwenye ramani. Ni eneo ukiligawa kwa umbali ambao maji yanatambaa juu ya ardhi kabla ya kuingia mtaroni. Hekta 2 zenye maji yanayotambaa mita 50 zina upana wa mita 400. Ukiupunguza, kilele cha mafuriko kinashuka na kuchelewa, na kuna wanaoitumia nafasi hiyo kuifanya hesabu ikubaliane na bajeti.

Mvua nayo inaharibika kwenye neno moja. Programu inauliza namba zako ni INTENSITY (kasi kwa saa), VOLUME (kiasi cha kila kipindi) au CUMULATIVE (jumla inayoongezeka tangu mwanzo). Kipima mvua kikikusanya milimita 12 ndani ya dakika 10, hiyo ni VOLUME. Kwa kasi ni milimita 72 kwa saa. Ukiiacha kwenye INTENSITY, programu inaisoma kama milimita 12 kwa saa, yaani umeinyima sehemu tano kati ya sita za mvua. Kila mtaro utafaulu mtihani na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Tatizo la pili ni kwamba rekodi nyingi zinazopatikana ni za siku nzima. Milimita 100 ukizitandaza kwenye saa 24 ni milimita 4 na kitu kwa saa, manyunyu tu. Mvua hiyohiyo ikishuka kwa saa 2 ni milimita 50 kwa saa. Kwa mitaro ya mtaa unahitaji mvua ya kila dakika 5 au 10. Kama huna, omba Mamlaka ya Hali ya Hewa michoro ya ukali wa mvua ya kituo cha karibu, na usimkubali anayegawanya namba ya siku kwa 24.

Kwa mitaro yenyewe, Dar es Salaam ina bahati. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kupita kata kwa kata wakichora mitaro, na kazi imewekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mingine ikiwa na upana, kina na alama ya kuziba. Ukiwa na QGIS, programu ya bure ya ramani, kuna kiongezi kiitwacho Generate SWMM inp kinachogeuza tabaka za ramani kuwa faili la SWMM. Kinachokosekana ni kimo cha kitako cha mtaro, na hapo hakuna njia ya mkato. Ramani za satelaiti za bure zinakosea kwa mita kadhaa, wakati mteremko wa 0.3% ni sentimita 30 tu kwa mita 100. Mtume mpima ardhi asome kitako kwenye kila kona, kila kalavati na kila mahali ukubwa unapobadilika. Kata moja inakula siku kadhaa za kazi, na ndiyo gharama halisi ya programu hii ya bure.

Sasa taka na mchanga. SWMM inadhani mtaro ni msafi milele, na kwetu hapo ndipo matokeo yanapoanza kudanganya. Chukua mtaro wa zege wa sentimita 60 kwa 60, mteremko 0.3%, ukwaru 0.015. Ukijaa unapitisha kama lita 450 kwa sekunde. Weka sentimita 20 za mchanga chini: unabaki na lita 270. Umepoteza theluthi ya kina, lakini asilimia 40 ya maji. Na mchanga wenye mifuko na matawi si laini kama zege. Ukiuweka ukwaru wa 0.025, unashuka hadi lita 160 hivi. Hekta 5 za mtaa uliobanana chini ya ile mvua ya milimita 72 kwa saa zinaleta karibu lita 700. Mtaro huo ulikuwa mdogo tangu siku ya kwanza, na mchanga umeumaliza.

Kwa bomba la duara programu ina umbo maalumu la bomba lililojaa tope chini. Kwa mtaro wa wazi halipo, hivyo fanya kwa mkono: punguza kina kutoka 0.6 hadi 0.4, na pandisha ncha zote mbili kwa 0.2 kutoka kitako cha chemba. Weka mafaili mawili, la mtaro msafi na la mtaro kama ulivyo mwezi Februari kabla ya masika. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ndiyo hoja ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti ya usafi, na ina nguvu kuliko picha za mafuriko. Toleo la 5.2 limeongeza pia midomo ya barabarani ya kupokea maji, yenye asilimia ya kuziba, jambo jema, ila namba unaitoa wewe.

Lingine la kuangalia: maji yakifurika kwenye chemba, programu kwa kawaida inayafuta. Yamekwenda, hayarudi, na mtaro wa chini unaonekana salama kwa sababu maji ya juu yamepotea hewani. Washa ruhusa ya maji kutuama na uipe kila chemba eneo la kutuama, au chora barabara kama mtaro wa pili juu ya ule wa chini. Njia ya pili inachosha, lakini kwa mitaa ambayo barabara ndiyo mto, ni hiyo tu inayosema kweli.

Kati ya njia tatu za kukokotoa mtiririko, chagua DYNWAVE. Nyingine mbili hazijui maji kurudi nyuma, na pwani maji hurudi. Anza na hatua ya muda ya sekunde 5. Penye kalavati fupi la mita 6 shuka hadi 1 au 2, la sivyo utaona mchoro unaruka juu na chini kama msumeno. Mwisho wa kila ukokotoaji soma kosa la mizania kwenye ripoti, yaani asilimia ya maji ambayo hesabu imeyapoteza au kuyazua. Mwongozo unasema likifika asilimia 10 usiyaamini matokeo. Kwa kazi ya kujenga, zaidi ya 2 tayari ni sababu ya kutafuta kulikoharibika.

Mdomo unaoingia baharini upe jedwali la maji kujaa na kupwa, tena la siku za bamvu. Hapo wengi huteleza: jedwali la bandari linahesabu kutoka kwenye maji kupwa ya chini kabisa, na mpima ardhi anahesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Dar es Salaam tofauti hiyo ni karibu mita 2, inatosha kuzamisha au kuokoa mtaa mzima kwenye karatasi.

Upande wa ubora wa maji, mfumo wake wa uchafu kujikusanya siku za kiangazi na kuoshwa na mvua ni mzuri, lakini namba zilizoko vitabuni ni za miji ya Marekani. Chukua sampuli zako za maji ya mtaro wakati wa mvua, weka wastani, achana na milinganyo mirefu. Na usisahau kutapisha. Watu wanafungulia vyoo vya shimo mvua inaponyesha, na hilo programu haiwezi kulikisia. Liingize kama mtiririko wa ziada kwenye chemba husika, lenye kiwango chake cha uchafu. Bustani za kunyonya maji, matangi ya mapaa na lami inayopitisha maji zimo, aina 8. Zinafanya kazi vizuri kwenye skrini, hata pale ambapo udongo wa mfinyanzi ungezigomea, hivyo pima unyonyaji wa udongo kwanza.

Kwa bonde pana kama Jangwani, ambako Mto Msimbazi unatoka kingo na kusambaa, hiki si chombo chake. HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani ni bure pia na inachora maji yakitanda juu ya ardhi. Kuna programu za kulipia zilizojengwa juu ya injini hiihii ya SWMM, zenye ramani nzuri na ada ya kila mwaka. Kwa jiji lenye kitengo kamili zinaokoa muda. Kwa halmashauri yenye mhandisi mmoja na mpima ardhi wa kuazima, fedha hizo zipeleke kwenye vipima mvua vitatu vinavyoandika kila dakika 5, kimoja juu ya bonde, kimoja katikati, kimoja karibu na mdomo, kila kimoja juu ya paa la shule au zahanati penye mtu wa kuondoa majani kwenye faneli kila wiki.