Bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi: tazama mwezi kabla ya kutazama saa

Watalii huliita akwarium, lakini bwawa la Mnarani halina ukuta wa kioo. Ni shimo la asili kwenye jiwe la matumbawe, ncha ya kaskazini ya Unguja, jirani na mnara wa taa. Bahari huingia na kutoka yenyewe kupitia nyufa za mwamba. Tangu 1993 wenyeji wanalitumia kuhifadhi kasa, wakiwemo wanaonaswa kwenye nyavu za wavuvi. Kwa hiyo utakachokiona kinategemea maji kuliko saa za kufungua.

Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, Unguja maji hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Kina hupishana kwa takriban mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mpangilio hugeuka: maji hujaa asubuhi, ila hayapandi sana. Kila siku muda husogea mbele kama dakika 50. Wanaotoka mjini alfajiri siku ya bamvua hufika bwawa likiwa limeshuka, kisha hulaumu mahali. Lenga saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa. Daladala ya Nungwi ni namba 116. Jipe muda wa kutosha wa safari, kwa sababu husimama kila kijiji.

Wenye hamu ya kujifunza waanze kwa kutofautisha kasa na ng'amba, maana wengi huondoka bila kujua kuwa ni aina mbili. Tazama uso kwanza. Kasa wa kawaida ana jozi moja ya magamba kati ya macho na mdomo butu. Ng'amba ana jozi mbili, na mdomo uliochongoka kama wa kasuku. Kisha tazama gamba la mgongoni: la ng'amba vipande vyake hupandana na ukingo wa nyuma una meno. Mdomo ule una kazi: ng'amba huchokoa sifongo kwenye mianya ya miamba. Kasa wa kawaida aliyekomaa hula majani ya bahari na mwani. Hivyo fungu la mwani analopewa mgeni alishe linamfaa kasa; kwa ng'amba si chakula chake hasa, na ni vyema mwongozaji aseme hivyo bila kusubiri kuulizwa.

Ukilisha, shika mwani kwenye ncha na uuachie kabla mdomo haujafika vidoleni. Kasa hana meno, ila taya lake linakata. Usimtoe mdogo majini kwa ajili ya picha: anahangaika bure, nawe unaweza kuondoka na bakteria wa salmonela mikononi. Nawa kwa sabuni baadaye. Mafuta ya kujikinga na jua yasiingie bwawani. Baadhi yana oksibenzoni, inayodhuru matumbawe machanga.

Tunachokitilia shaka ni vitoto kukaa muda mrefu kwenye matangi. Kitoto cha kasa kikishaanguliwa huogelea mfululizo kwa takriban siku nzima, kikitumia akiba ya kiini cha yai, ili kifike maji ya kina. Kukizuia wakati huo ni kukipotezea nguvu hiyo. Wanaotetea ufugaji husema kitoto kikishakua huliwa na samaki wachache zaidi, na hoja hiyo ina uzito, lakini kasa huchukua miaka 20 au zaidi kufikia kuzaa, kwa hiyo matokeo hayaonekani haraka. Muulize mwongozaji: huyu alifika vipi, ana uzito gani, ataachiwa lini, na je, atavishwa namba kwenye pezi? Majibu ya maswali hayo manne yatakuonyesha kama kumbukumbu zinawekwa.

Kiingilio cha mgeni na cha mwenyeji si kimoja, kwa hiyo uliza kwanza na ubebe pesa taslimu. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Jiwe la matumbawe linakata na likilowa linateleza. Dakika 40 zinatosha mtu mzima. Mwenye watoto aongeze 20, kwani kusubiri kasa apande juu kuvuta pumzi ndicho kitu watoto hawakichoki.