Rangi za chupa za Tamiya kwenye Datsun ya Safari Rally, nimezijaribu hapa Mombasa

Kwa wale hawana muda wa kusoma yote, jibu langu kuhusu rangi hizi za Tamiya, kampuni ya Japani ya vifaa vya modeli, ni nunueni, lakini za kupuliza na eabrashi, yani kibunduki kidogo kinachopuliza rangi kwa hewa, si za kupaka kwa brashi ya mkono, na msiguse gari kabla hamjapaka vijiko. Hivyo vijiko nitavieleza.

Modeli yenyewe, gari dogo la plastiki la kuunga mwenyewe, ni Datsun 240Z ya kampuni ya Hasegawa, kipimo cha 1/24, ile gari namba 11 ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari Rally mwaka 1971. Babangu alikuwa kijana mdogo Voi na mpaka leo ukimtajia Datsun anaacha chai. Namtengenezea yeye, kwa hivo nilitaka itoke sawa. Gari ile ni nyekundu ya kung'aa lakini boneti ni nyeusi mati, haina mng'ao hata kidogo, manake jua likipiga kwenye boneti inayong'aa linamrudia dereva machoni. Yani modeli moja ina kazi mbili ambazo hazifanani hata chembe, na juu yake bado tope la safari.

Rangi hizi za akriliki zinakuja kwa vichupa vya mililita 10, zenye herufi X ni za kung'aa na zenye XF ni mati. Nilichukua X-7 nyekundu, XF-1 nyeusi, XF-69 ambayo ni nyeusi ya NATO, XF-85 ya mipira ya tairi, X-22 ambayo ni klia, yani koti la juu lisilo na rangi, XF-57 na XF-64 za tope, pamoja na thinna yao X-20A na makopo ya praima, rangi ya msingi, ya kupuliza. Zilikuja kwa meli kwenye mzigo wa jamaa, na msimwambie mtu awabebee kopo la rangi kwenye begi la ndege, vitu vya kuwaka vile haviruhusiwi na vitachukuliwa pale pale airport.

Sasa vijiko. Nilinunua pakiti ya vijiko vya plastiki vya sherehe, vile vyeupe, nikavipiga msasa namba 1000 nikavipa praima tofauti tofauti, viwili kijivu, viwili nyeupe, viwili pinki, halafu vyote nikavipulizia X-7 ile ile kutoka chupa ile ile. Wallahi ungeviona ungesema ni rangi tatu. Juu ya kijivu nyekundu ilizama ikawa kama damu iliyokauka, juu ya nyeupe ikawaka lakini ikavuta kwenye chungwa na kwenye kingo ikabaki nyembamba, juu ya pinki ndo ikakaa, nzito, imeshiba, na koti lilitosha mapema kuliko kwingine kote. Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, kilichoko chini kinaonekana tu hata ukipaka vipi, ndo maana wanaouza praima wametengeneza ya pinki. Mimi nilikuwa naipita nikidhani ni ya wanasesere. Na vijiko usivitazame chini ya taa ya tyubu, toka navyo uani saa nne asubuhi ndo ujue ulichopaka.

Upande wa kupuliza sina neno baya. Nilichanganya nusu rangi nusu thinna, presha ya hewa kama psi 15 hadi 20, koti la kwanza ni vumbi tu, la pili na la tatu ndo lenye maji maji, ikajitandaza yenyewe ikawa kama kioo. Joto la huku ndo la kuangaliwa, rangi inakaukia kwenye ncha ya sindano ukiwa bado unapuliza na inaanza kutema vidoa, dawa yake ni matone mawili ya ritada, dawa ya kuchelewesha rangi isikauke, ndani ya kikombe cha eabrashi. Brashi ya mkono ni hadithi nyingine kwa sababu ndani mna spirit, inakauka upesi halafu koti la pili linaamsha la kwanza na linakuja juu na brashi. Vitu vidogo kama usukani na viti nilivipaka kwa mkono bila shida, bodi sikujaribu. Halafu za kung'aa zinataka subira kuliko mati, ukigusa siku ya pili kidole kinabaki pale, mimi nilisubiri siku nne nikiwa nimeifunika na beseni vumbi lisiingie.

Klia msipulize siku ya mvua. Thinna ikiruka inapoza uso wa rangi na unyevu wa hewa unatulia pale pale, unabaki na ukungu mweupe. Kijiko changu cha sita kiko hivo, nimekiweka kama ukumbusho.

Kuna duka moja la hardware mjini niliambiwa thinna ni thinna tu, chukua hii ya fundi spreyi ni rahisi. Nikaijaribu kwenye kipande cha fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya modeli, kikalainika kikawa kama ubani uliotafunwa. Mwenye kuuza alinihakikishia kwa mdomo wake na hilo liliniuma, manake ningeimimina kwenye rangi ya bodi ningepoteza gari lote. X-20A ni ghali lakini haigusi plastiki.

Boneti nilianza na XF-1 na nikaifuta. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inaonekana kama shimo, mikunjo yote ya boneti ilipotea. XF-69 ina ukijivu kwa mbali na ndo ilionekana nyeusi ya kweli ya gari lililokaa juani, na tairi za XF-85 zikakaa pembeni yake zikiwa tofauti kidogo, kama inavyotakiwa.

Tope nililipenda kuliko yote. Nilileta udongo wenyewe kutoka Voi, nikauchekecha kwa chujio la chai kisha kwa soksi ya nailoni, lakini kwenye 1/24 punje zake bado zilionekana mawe. Kwa hivo nikachanganya XF-57 na XF-64, maji maji sana, nikapuliza chini ya milango na nyuma ya magurudumu, na udongo wa Voi nikaubakisha ndani ya matao ya tairi tu. Mati ya tope juu ya nyekundu inayong'aa, aisee, hapo ndo gari lilipata roho. Gari halisi Nissan wamelihifadhi Japani kule Zama na michubuko yake, hawakulinyoosha, na ukitazama picha zake utaelewa kwa nini sikutaka modeli safi.

Babangu alilipeleka dirishani, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye boneti. Akaniuliza mbona kioo cha nyuma ni kisafi, magari yale yalikuwa yakipita yanajirushia tope mpaka juu ya paa. Ana haki. XF-64 bado imebaki nusu chupa, kesho nalirudisha mezani.