Kuagiza Dawa za Kudumu kwa Daktari wa Familia Uingereza: Uzoefu Wangu

Ninaishi Leicester na ninatumia ramiprili na amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiagiza dawa hizo kupitia kliniki ya daktari wa familia, pamoja na za mama yangu, ambaye ana kisukari na hutumia metformini. Nimeona niandike tathmini hii kwa sababu Waswahili wengi ninaokutana nao hapa huzipata dawa zao kwa taabu isiyo ya lazima. Huduma yenyewe ni nzuri, ila hakuna aliyewaeleza dawa iko mikononi mwa nani katika kila hatua.

Daktari akiona hali ya mgonjwa imetulia, huziweka dawa zake katika orodha ya zile za kurudiwa, na kuanzia hapo mgonjwa haombi miadi kila mwezi bali huagiza tu. Mimi hutumia programu ya simu ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma. Wasiotumia simu huweka alama kwenye ile nusu ya kulia ya cheti cha dawa cha karatasi na kuipeleka mapokezi. Kliniki nyingi hazipokei maagizo ya mtu anayepiga simu na kutaja dawa kwa mdomo, na naona zina haki, kwa kuwa majina ya dawa hufanana na kosa la herufi mbili laweza kumdhuru mtu. Daktari akishaidhinisha, cheti hutumwa kielektroniki hadi duka la dawa ambalo mgonjwa mwenyewe amelichagua.

Wengi hukwama hapo. Kliniki kwa kawaida huomba siku 2 za kazi ili kuidhinisha, wala Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Lakini kuidhinishwa maana yake ni kwamba daktari amemaliza kazi yake, huku mfamasia huenda hata hajaanza, naye huhitaji siku zake za kuagiza na kufungasha. Ndiyo maana mimi huagiza dawa zikiwa zimebaki za wiki moja, na kabla ya Krismasi na Pasaka huwahi zaidi. Kuagiza mapema mno nako hakufai, kwa sababu ombi huweza kukataliwa.

Lalamiko langu kubwa linahusu tarehe ya mapitio. Kila orodha ya dawa za kudumu ina tarehe ambayo daktari au mfamasia wa kliniki anapaswa kuipitia upya, na tarehe hiyo ikipita dawa huweza kusimamishwa. Kliniki niliyosajiliwa awali ilisimamisha ramiprili yangu bila ujumbe wala barua, nami nikajua nilipofungua mfuko dukani na kukuta amlodipini peke yake. Mapitio siyapingi hata kidogo: ramiprili huhitaji kipimo cha damu cha kuangalia figo na kiwango cha potasiamu, na daktari asiyefuatilia hayo hamtendei haki mgonjwa wake. Ninachopinga ni ukimya. Aliyeniokoa ni mfamasia, ambaye kisheria anaruhusiwa kutoa dawa za dharura bila cheti endapo ameridhika kwamba mtu huyo huzitumia na anazihitaji mara moja. Kliniki zikiwa zimefungwa, namba 111 ya NHS huweza kumwelekeza mgonjwa kwa mfamasia wa namna hiyo.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote hakuna aliyenitajia, niliiomba mwenyewe. Kwa mgonjwa ambaye dawa zake hazibadiliki, daktari anaweza kuidhinisha kwa mkupuo mmoja vyeti vya hadi miezi 12, kisha duka la dawa likawa linavitoa kimoja kimoja kwa wakati wake. Tangu niingizwe katika utaratibu huo siagizi tena dawa zangu kila mwezi, huagiza za mama tu, na nashangaa kwa nini makarani wa mapokezi hawaupendekezi kwa kila anayestahili.

Kwa upande wa mama, alitia saini fomu ya kuniruhusu kushughulikia dawa zake, na sasa ninaagiza kwa niaba yake nikiwa kazini. Kwa mzee ambaye Kiingereza kinamwia kigumu, ruhusa hiyo ni heshima kubwa, maana hahitaji tena kueleza maradhi yake dirishani mbele ya foleni.

Kuhusu gharama, mwaka 2025 ada ya England ilikuwa pauni 9.90 kwa kila dawa. Mama halipi kwa kuwa amepita miaka 60, lakini shinikizo la damu halimo katika maradhi yenye msamaha, hivyo dawa zangu mbili zingepita pauni 230 kwa mwaka. Nilinunua cheti cha malipo ya awali kwa pauni 114.50, kinachogharimia dawa zote za mwaka mzima na kinachoweza kulipwa kidogo kidogo. Walioko Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hawalipi chochote.

Wanaosafiri kwenda nyumbani wazungumze na kliniki mapema, kwani daktari kwa kawaida hatoi dawa za safari ya zaidi ya miezi 3, na kliniki nyingine hutoa chini ya hapo. Tunapokwenda Tanga, dawa zetu hukaa katika maboksi yake yenye majina yetu, pamoja na nakala ya orodha, ndani ya mkoba wa mkononi.