Nilinyimwa Jibu Moja: Uzoefu Wangu wa Ganzi ya Mgongoni Nilipojifungua kwa Upasuaji Dodoma

Natanguliza hukumu yangu ili asiye na muda asihangaike kusoma yote. Sindano ya ganzi ya mgongoni niliyochomwa nilipojifungua kwa upasuaji wa kupangwa ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini namna hospitali ile ya hapa Dodoma inavyomwandaa mama kuichagua, au tuseme inavyomnyima nafasi ya kuichagua, ni mbovu kiasi kwamba hadi leo nikisimulia sauti inapanda yenyewe. Hospitali siitaji. Bei na vyumba vyake sivigusi, kwa kuwa hayo mtu anaweza kuyauliza mapokezi.

Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa dharura, nikiwa nimelazwa kwa nusu kaputi. Nilizinduka koo likiniwasha kwa sababu ya mpira uliokuwa umepitishwa humo, na mtoto alikuwa ameshafungwa kanga na kupakatwa na watu wengine kabla yangu. Sauti yake ya kwanza sikuisikia. Kwa hiyo mimba hii ya pili ilipoamuliwa kwamba itaishia kwa kisu tena, swali langu lilikuwa moja tu tangu mapema: je, ninaweza kuchomwa ganzi ya mgongoni nikabaki macho, na ikiwa siwezi, ni kwa nini? Nilimuuliza mkunga wa kliniki, akanijibu kwa upole kwamba hayo nitaelezwa na watu wa usingizi siku nitakapolazwa. Sina ugomvi naye, maana hakujifanya anajua asichokijua.

Nyumbani nilikuwa katikati ya hofu mbili. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia, aliniambia bila kuficha, "Mwanangu, wakikuchoma uti wa mgongo hutainama tena shambani." Wifi yangu anayekaa Nkuhungu alikuwa upande wa pili kabisa, akisema heri mgongo uume kuliko kulazwa usingizi usiojua kama utaamka. Wote wawili walisema kwa kunipenda, na wote walinihitaji niwaletee jibu kutoka kwa mtaalamu.

Nililazwa jioni kabla ya siku ya upasuaji. Niliambiwa nisile wala nisinywe chochote kuanzia usiku, nikatii, na kwa upepo mkavu wa hapa kwetu wakati wa kiangazi midomo ilikuwa imepasuka kufikia asubuhi. Nilikesha nikimsubiri mtu wa usingizi. Hakuja. Aliyekuja alinikuta asubuhi kwenye korido ya chumba cha upasuaji, nikiwa juu ya machela, nimeshavalishwa gauni, dripu mkononi na mpira wa mkojo umeshawekwa. Alikuwa ameshika ubao wenye fomu, na kalamu yake ilikuwa imefungwa kwenye ubao huo kwa plasta iliyochakaa. Aliuweka ubao juu ya tumbo langu, tumbo lenye mtoto, kana kwamba ni meza.

"Saini hapa, mama."

Nikamwambia, "Shikamoo dokta. Samahani, nilitaka kuuliza kwanza, hii ni ya mgongo au ni nusu kaputi? Na mimi ninaruhusiwa kuchagua?"

Hakuitikia hata salamu. Alikuwa akiitazama karatasi, si mimi, aliposema, "Mama, umekuja kujifungua au umekuja kwenye usaili? Wenzako wanasubiri. Saini."

Nikasaini. Mwanamke aliyelala chali, amefunga kula tangu usiku, mume wake ameachwa nje ya mlango, atafanya nini kingine? Lakini ile fomu ilikuwa na maneno yaliyochapwa kwamba nimeelezwa faida na madhara ya dawa nitakayopewa, na kwamba nimeelewa. Nililazimika kuthibitisha kwa mkono wangu jambo ambalo halikutendeka. Hapo ndipo penye hasira yangu yote, na kama ningeandika tathmini hii siku ileile, ningemwambia kila mama wa Dodoma asikanyage pale.

Linalozidi kuniudhi ni ufupi wa jibu lenyewe. Nimelipata baadaye kwa daktari mwingine wa usingizi, ambaye alinieleza amesimama, bila hata kuketi. Alisema kwa upasuaji uliopangwa, mama akiwa hana tatizo jingine, ganzi ya mgongoni ndiyo inayotangulizwa. Mjamzito akilazwa kabisa, chakula au asidi ya tumboni inaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na kumpitishia mpira wa hewa kooni huwa kugumu zaidi kuliko kwa mtu asiye na mimba. Dawa ya ganzi huwekwa kidogo sana, na inayomfikia mtoto ni ndogo mno. Nusu kaputi ina mahali pake: mama anayetoka damu nyingi, mwenye damu isiyoganda vizuri au chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zilizoshuka kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye kifafa cha mimba, mwenye maambukizi pale sindano inapotakiwa kuingia, au dharura isiyotoa nafasi ya kusubiri. Kuhusu hofu ya mama mkwe, alinionyesha kwa kidole kwenye mgongo wake mwenyewe kwamba uti wenyewe, ule wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, huishia juu ya kiuno na sindano huingia chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Wanawake wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa. Hata lile la kiu lilikuwa na jibu, kwa kuwa chakula ndicho kinachohitaji kuachwa kwa saa 6, ilhali maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi zibaki saa 2 kabla ya upasuaji. Haya yote yangeniingia kichwani jioni ile wodini, na nisingekesha nikilia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitatiza, kwa sababu mtu yuleyule aliyenidharau koridoni ndiye aliyenichoma, na sijawahi kuona mkono mtulivu kama ule. Niliketishwa kwenye ukingo wa kitanda, muuguzi akanishika mabega akaniambia nijikunje kama paka. Nilipanguswa mgongo kwa spiriti ya baridi, nikahisi kichomo kidogo cha ganzi ya ngozi, kisha msukumo tu. Muda si muda joto likaanza kuteremka kwenye mapaja na miguu ikawa mizito. Hakumruhusu mpasuaji aanze hivi hivi. Alichukua pamba yenye unyevu, akanigusisha begani akauliza kama ninasikia baridi, kisha akaishusha taratibu kifuani, mbavuni na tumboni, akiuliza kila mahali, "Na hapa?" Baridi ilipotoweka chini kidogo ya matiti ndipo akasema wanaweza kuendelea. Nilipoanza kuhisi kichefuchefu na macho kuingia giza, aliniambia kabla sijasema neno kwamba presha inashuka na anaipandisha, akasukuma dawa kwenye dripu, na giza likaondoka. Mikono ilipoanza kutetemeka aliniambia ni ya kawaida.

Upasuaji wenyewe hauna maumivu, ila usidanganywe kwamba hutahisi kitu. Unahisi kuvutwa, kusukumwa, na uzito unaokandamiza chini ya kifua wakati mtoto anatolewa. Kisha nikasikia kilio. Nilikisikia mimi mwenyewe, macho yangu yakiwa wazi, na mwanangu akaletwa shavuni mwangu akiwa bado na maji maji ya tumboni. Jambo hili nililisubiri tangu uzazi wa kwanza, na wakati ule hata yule mtu wa ubao nilimsamehe moyoni.

Msamaha huo haukudumu. Siku chache baadaye, nikiwa nyumbani, kichwa kilianza kunigonga kila nilipoketi kunyonyesha, kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho, na nikilala chali kinatulia. Mama mkwe aliogopa, mume wangu akanirudisha. Walinipima presha kwanza, na hilo nawashukuru, kwa sababu kichwa kinachouma baada ya kujifungua kinaweza kuwa dalili ya presha iliyopanda, na mama yeyote asikae nacho nyumbani. Presha ilikuwa salama. Ndipo tabibu wa zamu akasema, kama anayekumbusha jambo lililokwisha kuelezwa, "Aa, hiyo ni ya ile sindano." Ni tundu dogo linalovujisha maji ya uti wa mgongo, akaniandikia dawa za maumivu, akaniambia ninywe maji na kahawa, na nirudi kisipopungua kwa kuwa ipo tiba nyingine ya kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe na kuiweka mgongoni karibu na tundu. Kilipungua polepole hadi kikaisha, na ile tiba nyingine haikuhitajika.

Maumivu hayo yanajulikana tangu mwanzo kabisa wa sindano hii. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani August Bier alijaribiwa nayo mgongoni mwake mwenyewe, akaumwa kichwa siku kadhaa, akaona kuwa nafuu yake ni kulala. Jambo linalojulikana kwa zaidi ya miaka 120 lilishindikana kusemwa kwangu kwa sentensi moja koridoni, nami nikakaa nyumbani nikidhani ninakufa na kuacha watoto wawili.

Nilipeleka malalamiko yangu kwa matroni, ana kwa ana. Alinisikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba wanaopangiwa upasuaji wanatakiwa kuonwa na mtu wa usingizi kabla ya siku yenyewe, na akasema watu hao ni wachache na zamu ni nyingi. Ninauamini uchache huo, nimeuona kwa macho. Ila kuitikia shikamoo hakuhitaji kuongezewa watumishi.

Wifi yangu wa Nkuhungu sasa naye ni mjamzito, na mtoto amekaa vibaya, kwa hiyo huenda akapangiwa kisu. Aliponiuliza aende wapi nilikuwa nimejiandaa kumwambia popote isipokuwa pale, na nilipofungua mdomo nilimwambia aende palepale, achomwe mgongoni, na akiweza achomwe na yule yule. Nimemwambia pia afike kliniki na mume wake wiki ile ya mwisho, aombe kwa jina la cheo kuonana na mtaalamu wa usingizi, na wasiondoke mpaka awe amewajibu wakiwa wamekaa kwenye viti.