Leza au ayoni nzito: nini kiwashe muunganiko wa nyuklia?

Muunganiko wa nyuklia ni viini vya atomi kuungana na kutoa nishati; kuuwasha, watafiti hufikiria miale ya leza au ya ayoni nzito, yaani atomi nzito zenye chaji ya umeme zinazorushwa kwa kasi. Kwa ushahidi, leza iko mbele sana. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore, California, ilielekeza miale 192 kwenye kasha dogo lenye punje ya haidrojeni nzito: megajuli 2.05 za nishati ya leza ziliingia, 3.15 za muunganiko zikatoka. Ayoni nzito hazijawahi kufika hapo.

Lakini leza ile ilivuta takriban megajuli 300 za umeme, na kituo cha umeme kinahitaji mapigo kadhaa kila sekunde. Hapo naziamini zaidi ayoni: vichapuzi vya chembe, mashine zinazozirusha, havipotezi umeme mwingi hivyo, na sumaku zinazokaza miale huvumilia milipuko kuliko lenzi za kioo. Gharama ya kuanzia, hata hivyo, ni kubwa mno.

Anayechunguza fizikia leo achukue leza. Anayewazia gridi ya taifa asizipuuze ayoni.