Injini za turbo za mtumba kutoka Japani: ipi itabeba nguvu ya ziada bila kufunguliwa

Soma vipeperushi vya kiwandani vya Toyota Mark II Tourer V, Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution za mwishoni mwa miaka ya 1990. Zote tatu zimeandikwa nguvu za farasi 280. Haikutokea kwa bahati. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari linalozidi farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004, Honda Legend ilipotoka na farasi 300. Ndiyo maana magari matatu yenye namba moja kwenye karatasi yana injini zenye akiba tofauti kabisa, na akiba hiyo ndiyo unayoinunua ukiwa na nia ya kuongeza nguvu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta gari la turbo lililotumika, alitembelee kila siku, na aliongezee nguvu bila kubadilisha pistoni wala konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Nimezipanga injini kwa nafasi zilizonazo juu ya nguvu ya kiwandani, pamoja na ugumu wa kuzitunza huku kwetu Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane kinachovunja injini. Konrodi haijui farasi. Inajua msukumo unaoishukia kila pistoni inaposukumwa, na msukumo huo ndio tork. Farasi ni tork mara kasi ya mzunguko. Tork ya Nm 350 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika ni karibu farasi 250, na Nm zilezile kwenye mizunguko 7,000 ni karibu farasi 350. Msukumo wa pistoni kwenye konrodi unalingana kwenye injini hizo mbili. Kwa hiyo fundi anayekuahidi tork kubwa inayokuja mapema, kwenye mizunguko 2,500, anakuuzia utamu wa barabarani na wakati huohuo anaiweka injini kwenye hatari kubwa kuliko yule anayeziongeza farasi juu kabisa ya kipimo.

Adui wa pili ni mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia wenyewe kwa joto na shinikizo, kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo, na mara nyingi dereva hasikii kitu. Kinga yake ni petroli yenye oktani ya kutosha, yaani isiyojilipukia kirahisi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Injini za Kijapani zilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani, ile wanayoiita haioku, yenye oktani 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Namba ninazozitaja hapa chini ni za petroli nzuri. Kwa ile ya kawaida, punguza angalau sehemu moja ya kumi.

Mwinuko nao una hesabu zake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Kipimo cha turbo kikisoma bar 1 Nairobi, hewa inayoingia kwenye injini ina shinikizo la jumla la bar 1.8. Kikisoma bar hiyohiyo moja Mombasa, jumla ni bar 2. Gari lililopangwa Nairobi kwa kuangalia geji tu linaweza kuteremka Mombasa salama, kisha likaanza kuumia kwenye joto na hewa nzito ya pwani bila mtu kugusa kitu. Ukinunua gari lililokwisha kuongezwa nguvu, uliza lilipangiwa mji gani.

1. Toyota 1JZ-GTE. Ni silinda sita za mstari, lita 2.5, bloki ya chuma cha kusubu. Utaipata kwenye Mark II na Chaser za Tourer V, Mark II iR-V, Verossa VR25 na Crown Athlete V. Toleo lenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali), lililoanza 1996, lina turbo moja na tork ya Nm 378 inayofika mapema. Kwa turbo yake ya kiwandani ikisukumwa kidogo utapata farasi 330 hivi, na injini haitatoka jasho. Ukiweka turbo kubwa zaidi, injekta na kompyuta iliyopangwa vizuri, 400 zinabebeka bila kufungua chochote. Zile za zamani zenye turbo mbili zina gurudumu la kauri upande wa ekzosi, na ukizidi bar 1 gurudumu hilo hupasuka.

Jihadhari na kitu kimoja: namba ya chesi JZX100 ipo pia kwenye Mark II Grande ya 1JZ-GE, ambayo haina turbo. Soma bati lililo ndani ya boneti na utafute herufi GTE. Dada yake, 2JZ-GTE ya lita 3 iliyomo kwenye Toyota Supra, ndiyo mfalme. Inapopangwa vizuri, hubeba farasi 600 na vyuma vyake vya kiwandani. Bei ya Supra ni ya wakusanyaji siku hizi, ila Toyota Aristo V300 ina injini hiyohiyo kwenye mwili wa gari la mzee wa heshima, na mimi ningemshauri mtu yeyote aitafute kabla ya kuchoma fedha kwenye Supra.

2. Mitsubishi 4G63. Hii ni ya Evolution IV mpaka IX. Silinda nne, lita 2, bloki ya chuma cha kusubu. Farasi 350 hadi 380 ni eneo lake la raha. Taimingi belti yake ina mwenzake mdogo wa mihimili ya kusawazisha; huyo mdogo akikatika huweza kuingia kwenye mkubwa, na vali zikagonga pistoni. Badilisha zote mbili siku unayolichukua gari, hata muuzaji akikuapia. Kagua pia pampu ya AYC, mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, maana bei yake huuma.

3. Volkswagen Golf 7 GTI. Hili ni la Kijerumani. Injini EA888 kizazi cha tatu, farasi 220 au 230, Nm 350. Kupanga upya kompyuta peke yake kunaifikisha karibu na 300, na kwa mtu wa mjini hii ndiyo nguvu rahisi kuliko zote kwenye orodha. Uzima wake unategemea giaboksi ya DSG, ile ya klachi mbili: mafuta yake yabadilishwe kila kilomita 60,000, na ukihisi injini inapanda mizunguko gari lisipoongeza mwendo, klachi zinateleza. Pampu ya maji yenye kasha la plastiki huvuja. Kwa mnunuzi wa Kenya hili lina faida ya umri, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Zile za Toyota na Evo nilizotaja hapo juu itabidi uzitafute zilizokwisha sajiliwa nchini. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania inaruhusu ya zamani lakini ushuru wa ziada unakungoja bandarini.

4. Subaru EJ20 ya STI. Najua nitalaumiwa kwa kuiweka hapa. Naipenda sauti yake kama wengine wote. Lakini farasi 330, labda 350 kwa mkono wa fundi makini, ndipo ningesimama. Na kuna kosa linaloua Subaru nyingi kabla hata hazijaongezwa nguvu: mtu anabadilisha bomba la kuingizia hewa ili gari livume vizuri. Sensa inayopima hewa imepangwa kwa upana wa bomba lile la kiwandani. Ukiweka pana zaidi, sensa inasoma hewa kidogo kuliko iliyopita, kompyuta inapeleka petroli kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na joto linapanda ndani ya silinda. Bomba na kompyuta vipangwe siku moja, au bomba lirudishwe.

5. Subaru FA20 ya Forester XT ya 2012 kuendelea, Levorg ya lita 2 na WRX S4. Imeshatoka kiwandani na farasi 280 au 300, na konrodi zake ni nyembamba. Ongeza 20 au 30, usizidi. Giaboksi yake ya CVT, isiyo na gia za hatua, nayo haitakuruhusu.

6. Subaru ya lita 2.5 yenye turbo, EJ25. Hapa nasema wazi: inunue kwa kuitembelea ilivyo. Silinda zake zimepanuliwa kutoka milimita 92 za EJ20 hadi 99.5, na pistoni za kiwandani hupasuka kwenye kingo za ringi zikipigwa na mlipuko wa mapema.

Altezza ya farasi 210 na Mark X ya lita 2.5 hazimo. Uwiano wao wa mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa, ni 11.5 na 12 kwa 1, ilhali 2JZ-GTE ina 8.5. Kuzifungia turbo bila kubadilisha pistoni ni kuzipa kifo cha haraka kwa petroli yetu.

Kabla ya kulipa, mlete fundi wako mwenyewe na mchomoe plagi zote. Washa tochi uangalie kauri nyeupe: vidoti vidogo vinavyong'aa kama chembe za fedha ni alumini ya pistoni iliyokwisha kupigwa. Hapo hakuna cha kujadili bei. Plagi zikiwa safi, pimeni kompresheni ya kila silinda; tofauti kati ya kubwa na ndogo isivuke asilimia 10. Baadaye liendeshwe mpaka lipate moto, kisha lizimwe na kuwashwa tena, na sikio lisikilize mgongo wowote chini ya injini. Angalia na vipande vya paipu za mpira vilivyobaki karibu na turbo, kwani mtu aliyeongeza shinikizo kisha akarudisha kila kitu kiwandani ili auze mara nyingi husahau kibano au plagi ya mpira.

Ukishalinunua, fedha iende kwa mpangilio huu: rejeta na kulanti, mafuta ya injini na filta, plagi za baridi zaidi (zinazopoa haraka), pampu ya petroli, kisha kipimo cha mchanganyiko wa petroli na hewa kinachoonekana ukiwa umeshika usukani. Breki na matairi kabla ya turbo. Kompyuta iwe ya mwisho, na fundi anayeipanga akupe rekodi zake za daino (mashine ya kupima nguvu) zikionyesha tork kwa kila mzunguko, maana hapo ndipo utakapoona kama amekuwekea Nm zote chini, au amezitandaza hadi juu ambako konrodi zinaweza kuzibeba.